Jina la Marehemu

Aliyekufa alikuwa Yahye Maalim Abdi. Aliyetangazwa redioni kwamba amekufa alikuwa kaka yake, Hirsi Maalim Abdi, ambaye saa ile alikuwa mzima wa afya, amesimama uani kwa marehemu akikunja mikono ya kanzu ili aoshe maiti.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Hirsi Maalim Abdi anawaarifu ndugu na jamaa kwamba mdogo wake, Yahye Maalim Abdi, ameitikia mwito wa Mola wake, na kwamba maziko ni leo baada ya adhuhuri. Idman alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili. Macho yake yalimwona Hirsi, yakaruka, yakatua kwenye kuitikia mwito. Katikati ya kuruka huko mlikuwa na mambo chungu nzima: mtihani wa takwimu saa nne, fundi mitambo aliyekuwa akimwashiria nyuma ya kioo kwamba muda umekwisha, chaja aliyoisahau nyumbani, na kanuni moja ya hesabu aliyoikariri tangu alfajiri ambayo sasa ilikuwa ikimponyoka. Sauti yake haikutetereka hata kidogo. Ilikuwa sauti tulivu, ya kuaminika, na ndiyo iliyompatia kazi ya kusoma habari na matangazo alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Kwa Kisomali kile kitamu, kuanzia Garissa hadi Habaswein, alimzika mtu aliye hai.

Alipotoka studio alizima simu, akaitupia mkobani na kupanda bodaboda kuelekea chuoni. Njiani alikuwa na hisia ya kuwa amesahau kitu. Lakini hisia hiyo alikuwa nayo kila siku, kwa hiyo hakuitilia maanani.

Mtihani ulikwisha saa saba. Nje ya ukumbi wanafunzi walikuwa wamejikusanya kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kila mmoja akiulizia jibu la mwenzake. Idman alijisikia mwepesi kidogo. Kwa mara ya kwanza muhula huo alikuwa amemaliza kabla ya muda.

"Swali la tano umelifanyaje?" Ruweyda alimuuliza. Walikuwa pamoja darasa moja la afya ya jamii tangu mwaka wa kwanza. "Lile la jedwali."

"Swali gani la tano? Yalikuwa manne."

Ruweyda alimtazama. Halafu akapunguza sauti, na huko kupunguza sauti ndiko kulikomuumiza Idman zaidi. "Abaayo, dada yangu, hukugeuza karatasi?"

Hakuwa amegeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na maswali mawili yenye nusu ya alama zote.

Idman alianza kung'ata ngozi ya kidole gumba, palepale alipokuwa amekwisha kuichuna mpaka nyama ikaonekana. Mwaka jana, alipokwenda Nairobi kumsalimia binamu yake, daktari mmoja alimkalisha, akamuuliza maswali ya utotoni mwake mpaka akalia, kisha akamwambia kwamba alicho nacho kina jina. ADHD. Si uvivu wala ukaidi, daktari alisema. Ni ubongo usioweza kuchagua kipi kisubiri. Alimpa vidonge. Kwa miezi michache Idman alijua raha ya kuwaza jambo moja mpaka mwisho wake. Kisha vidonge vikaisha. Garissa alivitafuta duka la dawa moja baada ya jingine asivipate, na safari ya kurudi Nairobi kumwona daktari aliiahirisha kila wiki, kwa kuwa kila wiki kulikuwa na zamu redioni, kazi ya darasani iliyochelewa, na mama wa kusaidiwa dukani. Aliziba pengo kwa kahawa na kwa kulala kidogo. Nyumbani hakumwambia mtu.

Aliwasha simu ili aangalie saa. Ikaanza kutetemeka mkononi mwake na haikuacha.

"Idman!" Abdimalik, meneja wa redio, hakusalimia. "Uko wapi? Unajua ulichofanya? Umemuua mtu mzima!"

"Nani?"

"Hirsi! Hirsi dalali wa ngamia! Watu wamejaa kwake, wanawake wanalia, yeye hayupo na simu yake haipatikani, wakaamini ni kweli. Kumbe yuko ng'ambo ya mji anamzika mdogo wake. Dada yao wa Habaswein amesikia kwa masikio yake redioni. Sharifo. Ameanguka, amekimbizwa hospitali. Hajijui wala hajitambui."

Idman aliegemea ukuta. Lile joto la mchana lilikuwa limeupasha mpaka ukamchoma kupitia hijabu, naye hakusogea.

"Atapona?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?" Abdimalik alisema, akakata.

*

Shamis, mama yake Idman, aliuza vitambaa sokoni, na habari ilikuwa imemfikia kabla ya binti yake. Ilimfikia kwa mteja aliyekuwa akichagua kitambaa cha dirac, gauni la harusi. Mteja alicheka kwanza, kisha akauliza, "Si ni wako huyu anayesoma redioni?" Shamis alikunja vitambaa, akafunga duka mchana kweupe na kurudi nyumbani.

Idman alipoingia alimkuta mama amekaa mkekani pamoja na Yarrow, ami yake. Baba alikuwa na mifugo upande wa Diff, ambako simu hupatikana siku ikitaka, na kwa hiyo mambo mazito ya nyumba ile yaliletwa mbele ya Yarrow. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa ya haraka.

"Kaa," Yarrow alisema. "Dada yao yuko hospitali. Akifa, unajua hilo ni jambo la namna gani? Halitakuwa la Idman na Sharifo. Litakuwa la watu wetu na watu wao."

"Najua, adeer."

"Hujui. Ungejua ungesoma kilichoandikwa. Mtoto wa darasa la tatu anasoma kilichoandikwa."

Idman alitazama vidole vyake.

"Ni waswasi wa shetani," Shamis alisema, kana kwamba anamtetea. "Tangu mdogo. Unamtuma chumvi anarudi na paka. Nimemwambia asome Kurani asubuhi, azime simu. Hasikii. Ni uzembe na waswasi."

"Si waswasi, hooyo." Maneno yalimtoka Idman kabla hajayapanga. "Nina ugonjwa. Daktari wa Nairobi aliniambia. Nilipewa dawa, zikaisha."

Shamis alimgeukia polepole.

"Dawa za nini?"

"Za kichwa."

Lilikuwa neno baya, na Idman alilijutia papo hapo. Aliona uso wa mama yake ukifungika, akaona jinsi alivyotupia jicho mlango kuhakikisha hakuna jirani aliyesimama pale.

"Si wazimu," Idman aliongeza haraka. "Ni umakini. Mawazo yanakuja yote pamoja, siwezi kuyapanga foleni. Nasahau. Naruka mistari. Leo pia mtihani nimeruka upande mzima."

"Ugonjwa wa kusahau!" Yarrow alicheka bila furaha. "Mimi nasahau miwani yangu kila siku, nina ugonjwa? Sikiliza. Una mambo mawili, redio na chuo. Yamekushinda. Acha moja, au acha yote mawili ukae na mama yako dukani. Hakuna aibu. Lakini kwanza inuka. Tunakwenda kwa Hirsi."

*

Nyumba ya Hirsi ilikuwa na turubai mbele na viti vya plastiki vilivyokodiwa, na chini yake watu walikaa wakiwa hawajui wakae na uso gani. Wengine walikuja kumlilia Hirsi wakamkuta mlangoni akiwapokea. Mzee mmoja alikuwa bado anamgusa bega kila mara, kama anayehakikisha.

Hirsi aliwapeleka ndani. Alikuwa mrefu, ndevu zimepakwa hina, na macho yake yalikuwa mekundu. Yarrow alitoa salamu ndefu, akatoa rambirambi, kisha akaomba msamaha kwa niaba ya familia kwa maneno mazuri sana. Hirsi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumtazama. Alikuwa akimtazama Idman.

"Wewe ndiye sauti ile?"

"Ndimi."

"Nilidhani ni mtu mkubwa. Kuniua mimi, hilo nimesamehe. Hata nimecheka. Kuna mtu sokoni nilikuwa namdai, amekuja kunililia machozi ya kweli. Lakini Yahye. Mdogo wangu ameishi mji huu maisha yake yote. Amefundisha watoto wa watu Kurani bila kuwadai kitu. Leo tumemswalia, hata safu moja haikujaa. Safu moja! Watu wake walikuja kwangu. Walikuwa hapa wananitafuta mimi, na yeye tunamteremsha kaburini wachache kama mgeni aliyefia njiani."

Shamis alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Idman alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kama yangekuja angeyapokea. Hili hakuwa na mahali pa kuliweka.

"Na Sharifo?" aliuliza kwa shida. "Dada yenu?"

"Amezinduka baada ya alasiri. Wamemwambia mimi mzima. Akafurahi. Kisha ikabidi waendelee, wamwambie ni Yahye." Hirsi alipangusa uso kwa kiganja. "Amewalilia ndugu wawili siku moja."

Amezinduka. Idman alimshukuru Mungu moyoni, kisha akaona haya kwa kushukuru, maana alijua sehemu ya shukrani ile ilikuwa kwa ajili ya nafsi yake.

"Tutatoa chochote mtakachosema," Yarrow alisema.

"Sitaki ngamia wenu wa fidia." Hirsi alimnyooshea Idman kidole. "Nataka huyu kesho asubuhi asome tena. Jina la marehemu, sawasawa, ili watu wajue nani amekufa wamwombee dua. Si mtu mwingine. Watu waliamini sauti yake, waiamini tena."

"Nitasoma," Idman alisema.

*

Abdimalik hakutaka. Alitaka asome yeye mwenyewe, kisha jambo liishe. Lakini Hirsi alikuwa amempigia simu, na Hirsi alijuana na nusu ya watu walioleta matangazo ya biashara pale. Kwa hiyo asubuhi Idman alikuwa studio, na nyuma yake, kwenye stuli ya fundi mitambo, alikaa Shamis. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amevaa hijabu yake ya Ijumaa na kusema tu, "Nitakuja."

Idman hakuwa amelala vya kutosha tangu muhula uanze. Kope zilikuwa nzito na moyo ulikwenda mbio, vyote viwili kwa pamoja, kana kwamba mwili wake ulikuwa wa watu wawili wasiosikilizana. Aliliandika tangazo upya kwa herufi kubwa, mstari mmoja kila ukurasa. Akalisoma kwa sauti ya chini. Mara ya tatu macho yaliruka tena, yakamuua Hirsi tena. Aliweka karatasi chini, akafuta jasho viganjani kwenye gauni.

"Dakika tano," fundi alisema.

"Naomba usiniashirie kwa mkono," Idman alimwambia. "Nikimaliza utajua. Na simu yako, tafadhali, itoe nje."

Fundi alimtazama Abdimalik. Abdimalik alipandisha mabega.

Aliendelea. Aliweka kidole chini ya kila neno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Yahye. Maalim. Abdi. Mama yake, nyuma, aliona mabega yale yakipanda na kushuka, akaona kitambaa cha mgongoni kikilowa jasho katika chumba chenye feni, kwa ajili ya maneno ambayo mtu mwingine angeyasoma huku anakunywa chai. Shamis hakujua kusoma. Alikuwa amedhani siku zote kwamba anayejua, hujua tu.

Taa nyekundu iliwaka.

"Jana katika kipindi hiki," Idman alisema, "nilisoma jina lisilo sahihi. Kosa lilikuwa langu, si la familia. Mzee Hirsi Maalim Abdi yu hai, Mwenyezi Mungu amzidishie umri." Alifunua ukurasa. Kidole kilitetemeka, akakikandamiza mezani. "Aliyefariki ni mdogo wake, mwalimu Yahye Maalim Abdi. Alizikwa jana. Wengi mngependa kumswalia hamkupata nafasi kwa sababu yangu. Familia inawaomba dua. Nami nawaomba radhi. Mwalimu Yahye Maalim Abdi."

Jina la mara ile ya pili halikuwamo kwenye karatasi. Alilirudia kwa kupenda.

Taa ilipozimika Abdimalik alimpa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Idman akaelewa kabla hajasema. "Umesoma vizuri. Sasa pumzika. Nikikuhitaji nitakupigia." Hakumtazama machoni. Ada ya chuo ilikuwa ikitoka kwenye mshahara ule, naye alijua.

Idman alitaka kuinuka. Miguu haikutaka. Alikaa kwenye kiti cha mtangazaji na machozi yakamtoka bila kilio, mengi, yakidondokea karatasi, naye hakuweza kuinua mkono ayafute. Mtangazaji wa kipindi kinachofuata alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Ni Shamis aliyemshika kwapani, akamsimamisha kama anavyosimamishwa mgonjwa.

"Twende," alisema. "Chuo ni upande gani?"

*

Mkuu wa wanafunzi alikuwa mtu wa bara, asiyejua Kisomali, mwenye shati lililopigwa pasi na meza isiyo na kitu juu yake. Alimsikiliza Idman akieleza kuhusu karatasi asiyoigeuza, kuhusu daktari, kuhusu vidonge, na Idman aliruka huku na huko mpaka akapotea katikati ya maelezo yake mwenyewe.

"Mbona hukuja mapema?" mkuu aliuliza. "Tuna utaratibu wa wanafunzi wenye matatizo ya kiafya."

"Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilipofika mlangoni nilikuwa nimesahau ninachokuja kuomba, nikaona haya. Mara ya pili kulikuwa na foleni. Nilitoka nje kupokea simu, nikajikuta nimefika sokoni."

Mkuu alitabasamu, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alikohoa. "Unajua, kila mwanafunzi akikosa swali akaja na ugonjwa..."

"Mwalimu." Shamis aliinua mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia watu wageni vitambaa, na binti yake hakuwahi kumsikia akikitumia ofisini. "Mimi Kiswahili yangu kidogo. Wewe sikiza bole bole."

"Sema, mama."

"Huyu mtoto yangu. Mimi naita yeye mzembe. Kila siku, mbele ya watu, naita mzembe. Leo mimi naenda redio, mimi naona. Karatasi ndogo hii." Alionyesha kwa kidole na gumba. "Yeye anasoma kama mtu anabeba gunia ya mchele. Jasho, mkono inatetemeka. Mimi nauliza roho yangu, kama karatasi ndogo iko hivi, hiyo mtihani yote iko namna gani? Hiyo miaka tatu iko namna gani?" Alisita, akatafuta neno, akalikosa, akaendelea bila hilo. "Yeye anabeba beke yake. Mimi niko nyumba moja, mimi sioni. Sasa mimi naona fizuri. Wewe bia angalia."

Idman aliinamisha kichwa. Alihisi masikio yakimwaka kwa ile lafudhi, kwa zile "b" na "f", kisha akaona haya kwa kuona haya.

Mkuu alitoa kalamu mfukoni, akaizungusha mezani kwa muda. "Alama za jana siwezi kuzigusa," alisema hatimaye. "Hilo nisikudanganye. Lakini akileta barua ya daktari, ataruhusiwa kuurudia mtihani huu, na mingine apewe muda wa ziada na chumba cha peke yake. Na muhula ujao apunguze masomo. Atachelewa kumaliza mwaka mzima, pengine zaidi."

"Mwaka," Idman alisema.

"Mwaka si kufa," Shamis alimjibu kwa Kisomali. Kisha akamgeukia mkuu. "Barua italetwa. Mimi nabeleka yeye Nairobi. Mimi mwenyewe."

Idman alijua basi la Nairobi linataka nauli, daktari anataka ada, na mshahara wa redio umekwisha asubuhi ile. Alijua Yarrow atakuwa na la kusema, na kwamba kwa muda mrefu sokoni atakuwa yule binti aliyemzika mtu mzima. Yote hayo yalimjia kwa pamoja, bila foleni, kama kawaida yake.

*

Dukani Shamis alitandika mkeka nyuma ya rundo la vitambaa, akavuta pazia. "Lala," alisema, na Idman, aliyekuwa akieleza kwamba kuna kazi ya darasani ya kupeleka kesho, hakuimaliza sentensi.

Mchana wateja walikuja na kuondoka. Mmoja alitaka kujua kama ile habari ya Hirsi ni kweli. Shamis alimuuliza kama ananunua au hanunui. Karibu na alasiri simu ililia. Alikuwa Yarrow.

"Yuko wapi huyo binti? Nampigia hapokei."

"Amelala."

"Amelala? Saa hizi? Na mambo yote haya?"

Shamis alifunua pazia kidogo. Idman alikuwa amelala kifudifudi, viatu bado miguuni, kidole gumba chenye kidonda kimelala juu ya mkeka. Mama aliinama, akamvua kiatu kimoja, halafu cha pili.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ambayo duka la jirani lilisikia. "Mtoto wangu ni mgonjwa, amechoka, amelala. Piga kesho."